Mwenye Nyumba na Mgeni Wake

Iko methali ambayo kila mtoto huisikia kabla hajajua kusoma: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huicheka, na pengine mgeni mwenyewe hucheka pamoja nao. Lakini ukiitazama vizuri, msomaji, utaona kuwa ni sheria kamili. Inataja muda wa kukaa, inataja haki ya mgeni, na inataja wajibu unaomwangukia muda huo ukiisha. Walakini sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya mgeni asiyelipa. Katika miji ya pwani yetu, na katika miji mingi ya mapumziko duniani, yuko mgeni wa namna nyingine, ambaye hulipa kwa kila usiku anaolala. Huyo hapewi jembe siku ya tatu wala ya thelathini, na kadiri anavyokawia ndivyo mwenye nyumba anavyozidi kufurahi. Mgeni huyo naye ana sheria zake, na historia ya sheria hizo ndiyo nitakayokusimulia. Ni historia ya vitu vidogo vidogo, kama vitanda, chumvi, ngazi na funguo; lakini ndani yake limo swali kubwa, yaani ni nani mwenye haki ya kuwa mwenyeji katika mji, na mji ni wa nani wageni wanapokuwa wengi.

Tuanze karibu na kwetu. Katika mwaka wa 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi ya Moroko, alifika Mogadishu, kabla hajaendelea kusini hata Mombasa na Kilwa. Aliyoyaona aliyasimulia baadaye yakaandikwa, na miongoni mwake imo habari ya jinsi wageni walivyopokewa bandarini. Alisema kwamba chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua ndogo ziitwazo sambuku, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa sahani hiyo mmoja wa wafanyabiashara waliomo chomboni na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Basi mfanyabiashara yule huteremka na kwenda kukaa katika nyumba ya kijana aliyempokea, wala si kwingine, isipokuwa awe mtu aliyezoea kuja katika mji ule na kuwafahamu watu wake. Huyo huweza kukaa apendapo. Mwenyeji humuuzia mgeni bidhaa zake na kumnunulia anazozihitaji. Na mtu yeyote akinunua mali ya mgeni kwa bei ya kumpunja, au akamuuzia kitu pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara hiyo huhesabiwa kuwa batili.

Yaliyompata Ibn Battuta mwenyewe yanapendeza. Kijana mmoja alimjia na sahani kama kawaida, lakini wenzake wa safari wakasema kuwa huyu si mfanyabiashara, ni mtu wa elimu. Kijana yule hakubisha. Aliwaita wenzake akawaambia kwamba huyu ni mgeni wa kadhi, kwa kuwa desturi ya mji ilimtaka mwanachuoni aonane na sultani kwanza, kisha ndipo apewe mahali pa kukaa. Akalazwa katika nyumba ya wanafunzi, akaletewa wali uliopikwa kwa samli, na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Tena ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, ya tangawizi na ya maembe. Msomaji wa pwani akisoma orodha hiyo hatahitaji kuelezwa kitu.

Sasa fikiri juu ya desturi hiyo. Hapakuwa na leseni iliyoandikwa, wala karani wa kugonga mhuri, wala ada ya mwaka. Hata hivyo kanuni ilikuwapo, tena kanuni yenye nguvu, kwani iliweza kuivunja biashara iliyokwisha fanywa. Msingi wake ulikuwa kwamba mgeni hakai mjini peke yake. Hukaa kwa jina la mtu. Mwenyeji alikuwa mdhamini wake kwa mji, na alikuwa mtetezi wake juu ya mji. Likizuka deni au ugomvi, kila mtu alijua mlango wa kubisha hodi. Faida nayo ilikuwa ya mwenyeji, na mwenyeji alikuwa mtu wa mji. Ninakuomba uliweke jambo hilo katika kumbukumbu zako, kwa sababu tutalihitaji mbele.

Kati ya bandari ile na miji ya mapumziko ya siku hizi kuna badiliko moja kubwa, nalo ni wingi. Wageni wa Mogadishu waliletwa na pepo za msimu, chombo kimoja baada ya kingine, nao walikuja kwa kazi. Mgeni anayekuja kwa kupumzika tu, tena anayekuja pamoja na maelfu ya wenziwe katika juma moja, ni kiumbe kilichozaliwa na gari la moshi. Ili tumwone alipozaliwa hatuna budi kwenda Uingereza, katika mji wa Blackpool, ulioko pwani ya magharibi ya nchi ile katika jimbo la Lancashire. Nimeuchagua mji huo kwa sababu huhesabiwa kuwa miongoni mwa miji ya kwanza duniani iliyojengwa kwa fedha za wafanyakazi waliokuja kupumzika, wala si kwa fedha za matajiri.

Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1851, Blackpool ilikuwa na watu 2,500 na ushei tu. Reli ilikuwa imeufikia mji huo mwaka wa 1846. Ilipofanywa hesabu ya mwaka wa 1901, watu walikuwa wamezidi 47,000. Chanzo chake kilikuwa hiki. Karibu na hapo ilikuwako miji ya viwanda vya kusokota na kufuma pamba, kama Bolton, Oldham na Burnley. Kila mji ulikuwa na juma lake katika majira ya joto ambalo viwanda vyote vilifungwa kwa pamoja, na watu, waliokuwa wameweka akiba ya senti mwaka mzima, waliondoka wote kwa wakati mmoja. Juma hili huja watu wa Oldham, juma lijalo huja watu wa mji mwingine. Mji mzima huhamia pwani, jirani akamkuta jirani yake ufukweni. Blackpool ikawajengea ukumbi mkubwa wa starehe uliofunguliwa mwaka wa 1878, ikawatengenezea tramu za umeme mwaka wa 1885, na mwaka wa 1894 ikawafungulia mnara wa chuma wenye kimo cha futi 518. Lakini mnara haulazi mtu. Watu hao wote walilala wapi?

Walilala katika nyumba za watu. Mtaa baada ya mtaa ulijaa nyumba nyembamba ndefu zilizobanana, na katika kila mlango alisimama mama mwenye nyumba. Aghalabu alikuwa mjane, au mwanamke asiyeolewa, au mke wa mtu mwenye mshahara mdogo. Na wengi wao walitoka katika miji ile ile ya pamba waliyotoka wageni wao. Desturi ya zamani haikuwa kumlisha mgeni. Mgeni alikodi chumba, akaenda sokoni kununua nyama na viazi vyake, akamkabidhi mama. Mama akavipika, kila familia na chungu chake, akaandaa meza. Malipo yake yalikuwa ya kitanda na ya huduma. Tena baadhi yao walitoza senti kidogo kwa kutumia chombo cha chumvi na pilipili kilichokuwa mezani, na kwa jambo hilo walichekwa nchi nzima. Katika kadi za mzaha na katika michezo ya jukwaani mama mwenye nyumba wa Blackpool alichorwa kama jitu la kike lenye mikono mikubwa, lililobandika masharti ukutani na kuwafukuza wageni nje baada ya chakula cha asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Mimi naona dhihaka hiyo haikuwa ya haki. Msimu wa wageni ulikuwa wa miezi michache, na kwa fedha ya miezi hiyo mama alipaswa kulipa kodi ya nyumba, au deni lake, kwa miezi 12. Katika majuma ya kilele aliwatoa wanawe vitandani akawalaza jikoni, naye akalala atakapopata. Alipika, alifua, alipandisha maji ya moto ngazini kabla hapajapambazuka. Katika nchi ambayo mwanamke wa tabaka lake alikuwa na njia chache mno za kujitegemea, hii ilikuwa njia mojawapo, na aliishika kwa mikono miwili. Ukiyasoma masharti aliyoyabandika ukutani, yasome ukikumbuka kuwa hapakuwa na sheria nyingine ya kumlinda yeye, wala ya kumlinda mgeni wake.

Kwa maana sheria ya serikali ilikuwapo, lakini haikuja katika mlango huo. Mwaka wa 1851 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya nyumba za kulala za kawaida, iliyoletwa na Lord Ashley, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Earl wa Shaftesbury. Iliwataka wenye nyumba hizo waandikishwe, na iliwapa wakaguzi ruhusa ya kuingia kutazama usafi na idadi ya watu waliolala. Ilitokana na hofu ya maradhi, hasa kipindupindu na homa za uchafu, na ilikusudiwa zile nyumba za mijini ambamo maskini wasiojuana walilala chumba kimoja kwa malipo ya usiku mmoja. Nyumba za likizo za pwani, zilizopokea familia zenye heshima, hazikuhesabiwa pamoja nazo. Angalia basi jinsi sheria inavyochagua mlango wa kubisha: ilibisha kwanza pale palipokaa maskini, kwa kuwa maradhi yao yaliwatisha wengine. Msongamano wa Blackpool uliachwa kuwa jambo la kuchekesha.

Mambo yaliendelea hivyo kwa muda mrefu. Mwaka wa 1938 ilitoka sheria iliyohimiza wafanyakazi wapewe likizo yenye mshahara, na baada ya vita kuu ya pili wageni walifurika kuliko wakati wowote. Kilichobadili hali ni moto. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1969, hoteli moja ya zamani katika mji wa Saffron Walden, ambao si mji wa pwani hata kidogo, iliungua, na watu 11 wakafa. Nchi ilishtuka. Mwaka wa 1971 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia hatari za moto, na aina ya kwanza ya majengo kuwekwa chini yake ilikuwa mahoteli na nyumba za kulaza wageni. Tangu hapo nyumba yenye kulaza watu zaidi ya sita, au yenye kulaza mtu katika ghorofa za juu zaidi au chini ya ardhi, ilipaswa kuwa na hati kutoka kwa wakuu wa zimamoto. Na hati haikutolewa mpaka njia za kutokea, milango ya kuzuia moto na vyombo vya kutoa ishara viwe vimetimia.

Hapana mtu mwenye akili atakayesema kuwa sheria hiyo ilikuwa mbaya. Watu 11 walikuwa wamekufa. Walakini, mlango wa kuzuia moto una bei moja, uwe katika hoteli ya vyumba 200 au katika nyumba ya mjane yenye vyumba 8. Mwenye hoteli aliigawa gharama hiyo kwa wageni wengi. Mjane aliibeba yeye na vyumba vyake 8. Kwa hiyo wako waliopunguza wageni mpaka sita ili wasihitaji hati, na wako waliofunga milango yao wakauza. Wakati huo huo ndege zilikuwa zimeanza kuwachukua wafanyakazi wa Lancashire kwenda kuota jua la Uhispania kwa bei nafuu, na kodi ya vitanda vya Blackpool haikuweza kupanda. Kanuni iliyowekwa ili kuokoa maisha ya mgeni iliamua, pasipo kukusudia, ni wenyeji gani wangeendelea kuwa wenyeji.

Jambo moja zaidi la nchi hiyo linafaa kukumbukwa. Katika mwaka ule ule wa 1969, sheria ya kuendeleza utalii iliipa serikali uwezo wa kuanzisha daftari la nyumba zote za kulaza wageni. Uwezo huo uliandikwa kitabuni ukakaa hapo. Katika England daftari la lazima halikuanzishwa, na kwa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nchi ina nyumba ngapi za namna hiyo. Ni mwaka wa 2023 tu ambapo sheria nyingine ilitoa tena idhini ya kuweka daftari la nyumba zinazopangishwa kwa siku; na Scotland ilikuwa imekwisha tangulia kwa amri yake ya leseni ya mwaka wa 2022. Kitu gani kiliwaamsha?

Mwaka wa 2007, katika mji wa San Francisco huko Marekani, vijana wawili waliolemewa na kodi ya nyumba walitandika magodoro ya kujazwa upepo sebuleni mwao, wakayapangisha kwa wageni waliokuja mjini kwa mkutano. Mwaka uliofuata kampuni ilianzishwa kutokana na wazo hilo, nayo ndiyo Airbnb, ambayo jina lake limeenea hata katika Kenya watu huita hivyo nyumba yoyote ya kupangishwa kwa siku, iwe ya kampuni hiyo au isiwe. Kumpangishia mgeni chumba hakukuwa jambo jipya, kama ulivyoona. Jipya lilikuwa kwamba mwenyeji hakulazimika tena kuwapo. Kijana wa Mogadishu alilala chini ya dari moja na mgeni wake. Mama wa Blackpool alilala jikoni. Mwenye nyumba wa siku hizi aweza kuwa nchi nyingine kabisa. Mgeni hulipa kwa simu, hupata tarakimu za siri, hufungua kisanduku mlangoni na kutoa ufunguo. Akifanya kelele usiku wa manane, jirani hajui amwendee nani. Na maadam mwenyeji hahitaji kuwapo, mtu mmoja aweza kuwa mwenyeji wa nyumba 20, maana hazuiliwi tena na mwili wake mmoja na kitanda chake kimoja.

Hapo ndipo palipozaliwa swali ambalo sheria za maradhi na za moto hazikulijua. Nyumba inayolaza mgeni wa siku tatu ni nyumba ambayo mvuvi, mwalimu au muuguzi hawezi kuipanga kwa mwaka. Nyumba moja si kitu. Nyumba nusu ya mtaa ni kitu kingine kabisa: duka la vyakula hugeuka kuwa duka la mapambo, shule hukosa watoto, na wakati wa baridi taa haziwaki.

Mji wa St Ives, katika pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, ulikuwa mji wa wavuvi, kisha ukawa mji wa wachoraji, kisha ukawa mji wa likizo. Mwezi wa Mei 2016 wakazi wake walipiga kura ya maoni, na zaidi ya watu 8 katika kila 10 waliopiga kura walikubali mpango wenye sharti hili: nyumba yoyote mpya itakayojengwa iwe makao ya kudumu ya mtu, isiwe nyumba ya pili ya kuja kupumzikia. Kampuni ya ujenzi ilikwenda mahakamani kupinga, ikashindwa mwaka ule ule. Lakini tazama udhaifu wa sharti lenyewe. Liligusa nyumba mpya tu. Vile vijumba vya kale vya mawe katika vichochoro vya bandarini, ambavyo ndivyo hasa vinavyompendeza mgeni, havikuguswa; tajiri aliyezuiliwa mlango mmoja alikuwa bado ana mlango mwingine wa kuingilia.

Waswisi walichukua njia pana zaidi. Tarehe 11 Machi 2012, kwa kura ya nchi nzima, walikata kwamba katika wilaya yoyote nyumba za pili zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote. Waliokubali walikuwa asilimia 50.6, yaani kura ilipita kwa unywele. Na hapa, msomaji, pana jambo linalostahili kutuliwa. Ungedhani kwamba watu wa milimani, ambao vijiji vyao ndivyo vilivyojaa nyumba tupu zenye madirisha yaliyofungwa, ndio waliopiga kura ya ndiyo. La, sivyo. Jimbo la Valais, lenye miji mashuhuri ya kuteleza juu ya theluji, lilikataa kwa wingi mkubwa. Kura ya ndiyo ilitoka zaidi kwa watu wa mijini, walioipenda milima kwa kuitazama. Mtu wa Valais alikuwa fundi mwashi, au seremala, au mwenye kiwanja alichotumaini kukiuza. Kila nyumba ya mgeni ilikuwa riziki yake. Nani basi alikuwa akimtetea nani? Swali hilo si jepesi, na usimwamini mtu anayekujibu upesi.

Nimekuzungusha kote huko ili turudi kwetu tukiwa na macho makali zaidi. Pwani ya Kenya ilianza kupokea watu wa likizo mapema. Mahoteli ya kwanza ya Malindi yalijengwa katika miaka ya 1930. Lakini kabla ya mahoteli kulikuwa na hati. Mwaka wa 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi, ambayo ilimtaka kila mwenye madai katika ukanda wa pwani ayalete na kuyathibitisha. Ardhi ambayo hapakutokea mtu wa kuithibitisha ilihesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza. Watu wengi, hasa wa Mijikenda, waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao katika ardhi ile, hawakuwa na karatasi, nao wakawa maskwota mahali walipozaliwa. Viwanja vya ufukweni vikapata wenye hati, na hati hizo zikauzwa, zikarithiwa, zikauzwa tena.

Baada ya uhuru wageni waliongezeka kwa ndege. Katika Malindi kulitokea jambo la pekee. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia vyombo vya angani karibu na Ngomeni, na mwaka wa 1967 setilaiti yao iitwayo San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Wahandisi walikuja, wakaupenda mji, na habari zikaenea kwao. Katika miaka iliyofuata Waitaliano wengi walijenga au kununua nyumba Malindi na Watamu, hata lugha yao ikawa lugha ya soko. Nyumba nyingi za namna hiyo hupangishwa mwenyewe asipokuwapo. Wengi wamepata kazi humo, wapishi, watunza bustani, walinzi na madereva, wala haifai kulidharau jambo hilo. Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka kwamba mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya milele, bali kwa mkataba usiozidi miaka 99.

Sheria za leseni nazo zilikuja kwa zamu. Mwaka wa 1968 ilitungwa sheria ya leseni za shughuli za utalii, na baadaye kidogo ikaja sheria ya mahoteli na mikahawa. Hizo ziliondolewa na Sheria ya Utalii ya mwaka wa 2011, iliyounda mamlaka ya kusimamia shughuli hizo na kutoa leseni. Ukilifungua jedwali la sheria hiyo linaloorodhesha biashara zinazohitaji leseni, utaona kuwa halikutaja mahoteli peke yake. Limetaja nyumba za wageni, majumba ya likizo, nyumba ndogo za ufukweni, fleti zenye huduma, na hata nyumba ya familia inayopokea mgeni chumbani mwake. Kwa hiyo mtu asemaye kuwa nyumba za kupangishwa kwa siku hazina sheria katika Kenya hajaisoma. Fauka ya hayo, Katiba iliwapa serikali za kaunti kazi ya leseni za biashara na utalii wa mahali, hata mwenye nyumba akajikuta ana milango miwili ya kubisha, mmoja wa taifa na mmoja wa kaunti.

Kuandikwa ni jambo moja, na kutekelezwa ni jambo lingine. Kwa miaka mingi wenye nyumba wengi hawakuomba leseni wala hawakuulizwa. Kilichowaamsha wakubwa, kama ilivyokuwa kwa Waingereza mwaka wa 1969, ni msiba. Mwezi wa Januari 2024 wasichana waliuawa katika vyumba vya kupangishwa kwa siku jijini Nairobi, na nchi ililia. Serikali iliagiza wenye nyumba zote za namna hiyo wajiandikishe, wa Nairobi na wa pwani pia. Swali lililoulizwa kila mahali wakati ule lilikuwa ni nani aliyeingia chumbani, kwa jina gani, na ni nani aliyemwona. Lilikuwa ni swali ambalo Mogadishu ililijibu kwa sahani iliyofunikwa.

Ukilitazama sasa daftari la leseni, utaona linauliza mengi yaliyo ya haki: jengo ni salama, maji ni safi, ada imelipwa, mwenye biashara ni nani. Mtu wa Diani mwenye kiwanja chenye hati na fedha ya kutimiza masharti hujibu bila taabu. Mama wa Shela au wa Watamu mwenye chumba kimoja cha ziada na nyumba isiyo na karatasi, huyo hurudi nyumbani akiwaza, kama alivyowaza mjane wa vyumba 8. Na msichana anayetandika vitanda katika jumba la ufukweni, akapanda matatu jioni kurudi alikopata chumba cha kodi anayoimudu, hamo daftarini kabisa. Jedwali la mwaka wa 2011 lina majina ya nyumba za kila namna ambazo mgeni aweza kulala. Halina kifungu kinachosema, katika mji mmoja, ni ngapi kati ya nyumba zake ziwe za wageni, na ni ngapi zibaki kwa wenyeji.